Kukaa kwa wenyeji katika mji wa pwani ya joto: mwongozo wa msafiri wa begi mgongoni

Mwenyeji anayeishi karibu na ufuo, anayewalaza wasafiri bure nyumbani kwake kupitia mitandao ya kukaribishana, hupokea maombi mengi, na mengi kati yake yanafanana: mtu anataka kitanda, bahari na nywila ya Wi-Fi. Ndiyo maana mwenyeji wa pwani huchagua. Humkubali yule aliyeonyesha kwamba anakuja kwake, si kwa bahari peke yake.

Nimeujenga mwongozo huu juu ya jambo hilo. Ukikaa nyumbani kwa mtu, ratiba ya nyumba yake inatangulia, na bahari inaingia katika saa zinazobaki. Kama umesafiri ili kulala mchana, kucheza muziki usiku na kurudi saa yoyote, hosteli itakufaa zaidi, na utakuwa umemwachia nafasi mtu anayetaka kukaa na watu.

Hatua ya kwanza: chagua mtandao, kisha ujitambulishe vizuri

Kukaribishana kati ya wasafiri wasiojuana kulianza kabla ya intaneti. Shirika la Servas lilianzishwa Denmark mwaka 1949, baada ya Vita Kuu ya Pili, ili kujenga amani kwa kuwakutanisha watu majumbani mwao. Hadi leo msafiri wa Servas huhojiwa kwanza na kupewa barua ya utambulisho kabla ya kuwaandikia wenyeji, na kawaida yao ni kukaa siku mbili. Ni njia ya polepole, lakini mwenyeji anapofungua mlango anajua kwamba kuna mtu aliyekuona uso kwa uso akaridhika. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hasa.

Unaojulikana zaidi ni Couchsurfing, ulioanza mwaka 2004. Mwaka 2011 uligeuka kuwa kampuni ya biashara, na tangu 2020 wanachama wa nchi nyingi hulipa ada ili kuutumia. Wengi waliochukizwa na ada hiyo walihamia BeWelcome na Trustroots, ambayo ni ya bure na huendeshwa na watu wa kujitolea. Waendesha baiskeli wa safari ndefu wana Warmshowers. Wanawake wanaotaka kukaa kwa wanawake wenzao wana kundi la Facebook liitwalo Host A Sister.

Jiunge na miwili, usijiunge na mitano. Wasifu uliojaa katika mtandao mmoja unafungua milango kuliko wasifu mtupu uliotapakaa kila mahali. Weka picha inayoonyesha uso wako bila miwani ya jua. Andika kazi yako, lugha unazozungumza, mambo unayoweza kuyazungumza mpaka usiku wa manane, na mambo usiyoyavumilia. Kama hujapata maoni ya mtu yeyote, usianze na mji wa pwani unaogombewa na kila msafiri. Pokea mgeni kwako kwanza, hata kwa siku moja, au hudhuria mikutano ya wanachama katika mji unaoishi ili upate watu wa kukuandikia.

Jambo moja kuhusu alama ya uthibitisho kwenye wasifu: kwa kawaida inaonyesha tu kwamba mtu alilipa kwa kadi au alithibitisha namba ya simu. Haisemi lolote kuhusu tabia yake.

Zipo pia njia za kando. Homestei za kulipia hukupa chumba ndani ya familia kwa bei inayojulikana. Cuba ina nyumba za namna hiyo zenye leseni, casas particulares, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1997. Workaway na WWOOF hukupa malazi na chakula kwa saa kadhaa za kazi kwa siku. Kabla ya kuchagua hii ya mwisho soma masharti ya viza yako, kwa maana nchi nyingi huhesabu kazi ya namna hiyo kuwa ni kazi hata kama hulipwi fedha.

Hatua ya pili: msome mwenyeji kabla hujamwandikia

Anza na maoni ya wageni waliotangulia, na uyasome yote, si ya juu tu. Maoni mabaya ni machache kila mahali kwa sababu watu huona haya kumsema vibaya aliyewalaza bure. Kwa hiyo sikiliza pia kile kisichosemwa. Mgeni anayeandika mistari miwili mikavu, "nyumba iko karibu na ufuo, ahsante", huenda anakwepa jambo. Mgeni anayeeleza walivyopika pamoja na walichokizungumza anakupa ushahidi wa kweli.

Angalia ni nani waliokaa hapo. Mwanamume ambaye wageni wake wote ni wasichana, na wasifu wake hausemi sababu, mpite. Angalia pia mahali pa kulala: chumba cha peke yako, sofa sebuleni, godoro sakafuni, au kitanda kimoja cha pamoja. Kama kitanda ni kimoja na wewe hukitaki, usidhani mtaelewana mkifika.

Halafu angalia ramani. "Dakika kumi kutoka baharini" inaweza kuwa kwa gari. Miji mingi ya pwani ina ukanda mwembamba wa hoteli ufukweni na wakazi wanaishi nyuma yake, mbali kiasi. Mimi naona huo ni uzuri wa kukaa kwa wenyeji, kwani unauona mji wenyewe, lakini hakikisha unajua usafiri wa umma unafika wapi na gari la mwisho linaondoka saa ngapi.

Hatua ya tatu: andika ombi linaloonyesha umesoma

Hapa ndipo mambo mengi huamuliwa, na hapa ndipo wasafiri wengi huwa wavivu zaidi. Ujumbe mmoja unaotumwa kwa wenyeji ishirini hutambulika mara moja. Baadhi ya wenyeji hata huficha neno katikati ya wasifu wao na kuomba ulitaje katika ombi, ili wajue nani amesoma.

Ombi zuri lina mambo machache: wewe ni nani, unafika lini na kwa usafiri gani, unaomba siku ngapi, ni kitu gani kuhusu mtu huyu kilichokuvuta, na njia rahisi ya yeye kukataa. Liandike kwa lugha anayoijua. Kwa mfano:

"Habari za leo. Mimi ni fundi umeme, nasafiri peke yangu, na nitafika mjini kwenu Jumanne mchana kwa basi. Nimesoma kwamba unavua kwa mshipi alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nilikulia mbali na bahari na sijawahi kuvua. Ukiona inafaa, ningependa kufuatana nawe siku moja hata kama ni kubeba ndoo tu. Naomba kulala Jumanne na Jumatano. Sofa inanitosha, sivuti sigara, na asubuhi naweza kutoka wakati unaotoka wewe. Kama siku hizo hazikufai, nitaelewa kabisa. Nina hosteli ya akiba."

Ona kwamba bahari imetajwa mara moja tu, tena kupitia kwake. Ona pia ile hosteli ya akiba. Mwenyeji hapendi kubebeshwa mtu ambaye akikataliwa atalala barabarani.

Kuhusu siku, wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Omba siku mbili au tatu. Mwenyeji akikupenda atakuambia uongeze, na hapo siku ya nne itakuwa ya kwake, hukumlazimisha. Ukiomba wiki nzima unamfanya afikirie friji yake, bafu lake na Jumapili yake.

Tuma wiki moja hadi mbili kabla. Mapema mno, yeye mwenyewe hajui atakuwa wapi. Umechelewa mno, anaona umekosa hoteli. Misimu ya sikukuu na likizo za shule ni migumu, maana ndipo ndugu na jamaa wa mwenyeji nao wanapoikumbuka bahari, na damu yake inakutangulia. Andikia watu wawili au watatu kwa wakati mmoja, na mmoja akikubali, wajulishe wengine siku hiyo hiyo. Kumwacha mtu akikusubiri ni ukosefu wa adabu hata kama hamtaonana maisha yenu yote.

Hatua ya nne: karatasi

Sehemu hii haina raha, lakini makosa yake humwangukia mwenyeji. Baadhi ya nchi humtaka mwenye nyumba atoe taarifa kwa serikali anapomlaza mgeni kutoka nje. Thailand ina fomu ya TM30, inayopaswa kufika uhamiaji ndani ya saa 24. India ina Fomu C, nayo ni ndani ya saa 24. Vietnam, mgeni husajiliwa kwa polisi wa eneo. Muulize mwenyeji waziwazi: "Kuna taarifa yoyote unayopaswa kuitoa kwa ajili yangu?" Mtumie picha ya pasipoti mapema kama anaihitaji kwa kazi hiyo. Akisema tulifiche, mshukuru ukalale hosteli. Ukikamatwa unaweza kufukuzwa nchini, lakini yeye anaweza kubaki na kesi.

Kwenye fomu ya kuingia nchini utaulizwa anwani utakayokaa. Iandike anwani halisi ya mwenyeji, kwa ruhusa yake, na uwe na namba yake ya simu karibu. Kama ofisa anahitaji kuona hoteli iliyolipiwa, au barua rasmi ya mwaliko, hilo lijue kabla ya kupanda ndege.

Chanjo ya homa ya manjano: cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Ukitokea nchi yenye ugonjwa huo, nchi nyingi za joto zitakidai mpakani. Bima ya safari nayo ikate, na usome kama inagharamia ajali za baharini. Bima nyingine huacha nje upigaji mbizi na pikipiki za kukodi, mambo mawili ambayo watu huyafanya sana katika miji hii.

Hatua ya tano: begi

Nyumba ya mtu si stoo. Begi la lita 40 linatosha pwani, ambako nguo ni nyepesi na hukauka. Yafuatayo ni yale ambayo msafiri wa mjini huyasahau na wa pwani huyahitaji.

Chukua kitambaa chepesi cha pamba, kanga au kikoi, badala ya taulo nzito. Kitakuwa taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo na kinga ya jua, na kitakauka kabla ya jioni. Chukua ndala mbili: za ufukweni, na nyingine safi za ndani ya nyumba. Mfuko usiopitisha maji wa kuweka nguo mbichi. Shuka lako la kulalia lililoshonwa kama mfuko, ili mwenyeji asifue kwa ajili yako. Kitambaa cha kufunika macho unapolala na vizibo vya masikio, kwa sababu nyumba za joto hulala madirisha wazi na sauti za mtaa huingia zote. Chandarua chepesi kama unakwenda penye malaria na mwenyeji hana cha ziada. Tochi ndogo ya kichwani, umeme ukikatika.

Benki ya umeme ya simu hupanda nayo ndani ya ndege, haiwekwi kwenye mzigo wa chini, na kiwango cha kawaida kinachokubaliwa bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, sawa na takriban mAh 27,000.

Krimu ya kukinga jua isome lebo. Hawaii imepiga marufuku tangu 2021 uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe, na Palau, taifa la visiwa katika Pasifiki, ilikwisha kuzuia kemikali hizo na nyingine mwaka 2020. Krimu za madini, zenye oksidi ya zinki, ndizo salama kuchukua.

Hatua ya sita: siku ya kufika

Fika mchana. Katika nchi za joto jua huzama mapema na giza hushuka haraka, na nyumba isiyo na namba barabarani ni ngumu kuitafuta usiku ukiwa na begi mgongoni. Kama ndege yako inatua usiku wa manane, lala karibu na uwanja au stendi usiku huo, uende kwa mwenyeji kesho yake. Usimwombe mtu mwenye kazi asubuhi akufungulie mlango saa tisa za usiku.

Kabla ya kwenda, hifadhi ramani ya mji kwenye simu iweze kufunguka bila intaneti, na andika anwani kwenye karatasi. Mpe ndugu au rafiki jina la mwenyeji, anwani, namba yake na saa utakayomjulisha kwamba umefika salama. Mpangie pia neno la siri: ukilituma, anajua akupigie simu na kukupa sababu ya kuondoka.

Kama ni mara yako ya kwanza kumwona mwenyeji, pendekeza mkutane kwanza mahali penye watu, kwenye mgahawa au kituo cha basi. Mwenyeji mwema haoni vibaya. Hata yeye anataka kukuona kabla ya kukuonyesha mlango wake. Zungumzeni nusu saa. Moyo ukikataa, sema umebadilisha mpango na uende. Huna deni la maelezo.

Mkishafika nyumbani, uliza maswali ya nyumba siku hiyo hiyo, kabla hujafungua begi. Ufunguo unatumikaje, na kuna mlinzi au jirani wa kusalimia? Mnalala saa ngapi? Maji yanatoka kila siku au yanahifadhiwa? Viatu vinaachwa wapi? Kuna kitu jikoni ambacho hakiguswi? Kuna chumba nisichoingia? Maswali haya yakiulizwa mwanzoni ni heshima. Yakiulizwa baada ya kosa ni kujitetea.

Hatua ya saba: kuishi ndani ya nyumba ya pwani

Mchanga ndio ugomvi wa kwanza. Unaingia na miguu, nywele, mikunjo ya nguo na chini ya begi, na ukishafika kwenye bomba la bafu unaziba. Jikung'ute ufukweni, ukiwa mkavu, kwani mchanga mkavu huanguka wenyewe. Osha miguu nje, kama kuna bomba au ndoo. Nguo za kuogelea zisuuze kwa maji kidogo na uzianike mahali ulipoonyeshwa. Usizitundike kwenye kiti cha mbao wala mlangoni, kwa maana maji ya chumvi huacha madoa na kuozesha chuma. Fagia pale unapolala kila asubuhi bila kuambiwa. Mgeni anayeshika ufagio siku ya kwanza husamehewa mengi siku ya pili.

Maji matamu ni ya thamani pwani. Visima vya karibu na bahari huingiwa na chumvi, na miji mingi hujaa wageni wakati ule ule ambao mvua hakuna. Ukikuta tangi juu ya paa au ndoo zimejazwa bafuni, jua kwamba zina hesabu. Oga kwa dakika chache, funga bomba unapojisugua, na usifue nguo zote kwa siku moja.

Feni na kiyoyozi havilingani katika gharama; kiyoyozi hula umeme mara nyingi zaidi. Usikiwashe bila kuruhusiwa, na kikiwashwa funga madirisha, uzime unapotoka. Ukiwa umetoka mahali pa baridi, mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto lenye unyevu, hivyo siku za mwanzo utachoka kuliko ulivyotarajia. Kunywa maji, lala kidogo mchana kama nyumba nzima inalala, na usikimbilie kumaliza vivutio vyote. Saa za jua kali ni saa nzuri za kukaa kivulini na watu.

Nyavu za madirisha na milango zifungwe jioni inapoingia. Mabaki ya chakula yasilale chumbani kwako. Sisimizi wa nchi za joto hawachelewi. Begi lenye nguo mbichi usilifunge usiku kucha, maana ukungu huota haraka na harufu yake hujaa chumba.

Vazi la ufukweni liishie ufukweni. Hata mji ambao watu huota jua nusu uchi, barabara ya nyuma ya hoteli ina wazee, watoto na nyumba za ibada. Jifunge kitambaa kabla ya kuingia mtaani. Majirani wakikuona vibaya, aibu haiendi nawe ukiondoka, inabaki kwa mwenyeji.

Usilete mtu nyumbani. Si rafiki uliyemkuta ufukweni, si mpenzi wa jioni, hata kwa dakika tano za kuchukua begi, mpaka umeomba na umekubaliwa. Pombe nayo uliza. Zipo nyumba zinazokunywa pamoja na zipo ambazo chupa kwenye friji ni matusi. Na picha: nyumba, watoto na vyumba vya watu havipandishwi mtandaoni bila ruhusa.

Sasa kuhusu muda. Tenga angalau jioni moja nzima kwa ajili ya mwenyeji, na iwe ya kwanza. Watu wanaopokea wageni bure wanataka mazungumzo. Wengi hawawezi kusafiri wenyewe kwa sababu ya kazi, wazazi au fedha, na wewe ndiye safari iliyowajia. Jibu maswali yao kwa ukarimu, kisha uulize ya kwao. Lakini soma pia uso wa mtu. Akifungua kompyuta au akikaa kimya, mwachie sebule yake.

Hatua ya nane: bahari

Mwenyeji anaijua bahari yake kuliko kitabu chochote. Muulize watu wa pale wanaogelea wapi na saa ngapi, na kwa nini hawaogelei pale pengine. Ufuo mzuri usio na mwogeleaji hata mmoja una sababu.

Jifunze kupwa na kujaa kwa maji. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kwa nafasi ya saa sita na dakika kidogo, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda juu sana na kushuka chini sana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Anayetembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa bila kujua saa ya kurudi anaweza kukatiwa njia. Mwambani vaa viatu, kwa sababu ya miiba na matumbawe.

Mkondo unaovuta kuelekea baharini huua waogeleaji wengi duniani, na mara nyingi huonekana kama njia tulivu kati ya mawimbi mawili yanayovunjika. Ukikunasa usishindane nao. Elea, punga mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi nchi kavu. Msaidizi asiyejua kuogelea vizuri asiingie. Atupe kitu kinachoelea.

Jua la karibu na ikweta hufika kiwango cha 11 na zaidi katika kipimo cha mionzi ya jua, ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupita kiasi. Mawingu mepesi hayakulindi. Paka krimu ya SPF 30 au zaidi (ndiyo namba ya kinga iliyo kwenye lebo), rudia kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Ngozi nyeusi nayo huungua, tena macho na midomo nayo huhitaji kinga.

Vitu vya thamani viache nyumbani kama mwenyeji ana mahali salama. Ufukweni nenda na fedha kidogo, ufunguo na nakala ya kitambulisho.

Hatua ya tisa: mbu, tumbo na homa

Mbu wa nchi za joto wana zamu. Aedes, anayeeneza dengi, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama kuzunguka nyumba: vifuu, matairi, visahani vya maua. Anofelesi wa malaria huuma usiku. Kwa hiyo chandarua pekee hakitoshi. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET au pikaridini hupakwa mchana pia, na hupakwa juu ya krimu ya jua, baada yake. Ukiona maji yametuama uani, msaidie mwenyeji kuyamwaga.

Ukipata homa nenda hospitali ukapimwe siku hiyo, usisubiri. Mpaka dengi ikanushwe, usimeze aspirini wala ibuprofeni, maana huongeza hatari ya kuvuja damu; tumia parasetamoli. Ukiharisha, kunywa maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Mwambie mwenyeji mapema kwamba unaumwa. Wengine huficha kwa haya, wakamstusha usiku wa manane wakiwa hoi.

Hatua ya kumi: fedha na shukrani

Mitandao ya bure hukataza mwenyeji kudai malipo, na mgeni hapaswi kumwekea noti mezani kama hotelini, wengine huumia. Lakini bure haimaanishi asigharimike. Umekula umeme, maji, sabuni na muda. Nunua mahitaji ya jikoni, pika mlo mmoja wa kwenu na uoshe vyombo vyote baada yake. Mlipie usafiri mnapotoka pamoja. Kama una ujuzi, utoe: kurekebisha feni, kushona, kumfundisha mtoto hesabu, kupiga picha nzuri ya familia na kuwatumia. Zawadi ndogo kutoka nyumbani hupokelewa vizuri pia, ila isiwe kitu kizito au chenye deni la kurudishiwa.

Mwenyeji anayeomba fedha kabla hujafika, kwa sababu yoyote ile, mwache. Anayebadilisha anwani dakika ya mwisho, anayetaka kukuwekea pasipoti yako, anayesema wageni wengine hawapo na kitanda kimekuwa kimoja, hao nao waache. Kama tayari uko ndani na mtu anakugusa au kukusukumia pombe baada ya kukataa mara moja, ondoka. Begi likishindikana kuchukuliwa, libaki. Kwa hiyo kila siku, isipokuwa unapokwenda kuogelea, tembea na pasipoti, simu na fedha za kulala hotelini usiku mmoja zikiwa mwilini mwako. Shukrani kwa kulazwa haifiki kwenye mwili wako.

Hatua ya kumi na moja: kuondoka

Mkumbushe mwenyeji siku moja kabla saa utakayoondoka. Asubuhi toa mashuka, yakunje au yafue kama kuna nafasi, fagia mchanga, angalia chini ya kitanda. Ukivunja kitu, hata kikombe, sema mwenyewe na utoe kulipa. Rudisha ufunguo mkononi mwa mtu. Usiuache chini ya jiwe.

Andika maoni ndani ya siku chache, ungali unakumbuka. Mitandao mingine haionyeshi maoni ya upande mmoja mpaka na mwingine aandike, kwa hiyo usisubiri kuona amesema nini. Mwandikie mgeni ajaye: mahali pa kulala palikuwaje, umbali halisi hadi ufukweni kwa miguu, mwenyeji anapenda nini, nyumba ina utulivu au ina watoto. Usitaje anwani, wala saa ambazo nyumba huwa tupu. Kama palitokea jambo la hatari, wape taarifa wasimamizi wa mtandao kwanza, kisha uliandike wazi katika maoni, kwa sababu anayefuata atayasoma yako kabla ya kubisha hodi.